Majani Saba ya Alhamisi Kuu

Wifi yangu Marceline hakujua kusoma, lakini kwa mapishi ya Louisiana alikuwa profesa. Sisemi hivi kumvika kilemba cha ukoka. Mtu mliyegombana naye miaka zaidi ya ishirini katika ua mmoja humpambi kwa maneno, na yeye mwenyewe amekufa tangu mwaka 1998, hana haja ya sifa zangu. Aliolewa na kaka yangu Germain, fundi wa kiwanda cha shaba cha Shituru, hapa Likasi. Mimi, Mathilde, mume wangu aliponikimbia nilirudi kukaa nao katika nyumba ya kampuni, vyumba viwili na stoo, na jiko la nje nyuma yake. Jiko lile lilikuwa lake. Mimi niliruhusiwa kuosha sufuria.

Mapishi hayo aliyapata kwa Sista Delphine, aliyekuwa akifundisha kinamama katika foyer, ukumbi wa mafunzo wa parokia yetu. Sista alikuwa Mmarekani mweusi, mweusi kuliko mimi, na kinamama wa Kikula, mtaa wetu, walipata taabu kubwa: wamwite mzungu au wasimwite? Mwisho wakakata shauri kwamba ni mzungu, kwa sababu alichemsha maji ya kunywa na kuwaomba mbwa radhi akiwakanyaga. Alitoka Louisiana, na Kifaransa chake kilikuwa cha bibi yake, cha zamani, tukikielewa nusu na nusu tukikisia. Tena alikuwa hali nyama. Si kwa ajili ya nadhiri. Baba yake alikuwa mchinja nguruwe, na yeye alikua akisikia wanavyolia, basi akaapa tangu utotoni. Kwao kila chakula kina nguruwe au kamba au soseji ndani. Yeye alikuwa amekaa miaka akiviondoa kimoja kimoja na kutafuta cha kuweka mahali pake, na hicho ndicho alichotufundisha. Mimi nilimwona ana kichaa kidogo. Mtu ana pesa ya nyama, halafu anaisusa!

Siku ya kwanza alisema, "Leo tutapika gombo." Wanawake wakaguna. Kwetu gombo ni bamia, na bamia kila mtu anazo nyumbani kwake. Wengine walikuwa wamevaa kitenge kipya wakitumaini kufundishwa keki. Sista akatoa majani kikapu kizima, akaanza kuyaosha. Tukangoja bamia. Hazikuja.

"Ma Soeur," Marceline akauliza, "gombo iko wapi?"

"Hii yote ni gombo," Sista akajibu, akionyesha sufuria.

Kumbe kwao gombo ni jina la mchuzi wenyewe, hata usipokuwa na bamia hata moja ndani. Marceline alicheka mpaka akaketi chini. Gombo isiyo na gombo! Akarudi nyumbani akiirudia na kuirudia, na Jumanne iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

Alijifunza kwa kichwa, kwa kuwa hakuweza kuandika. Jumatatu ni maharagi mekundu na wali, kwa sababu Jumatatu ni siku ya kufua na maharagi hujipika yenyewe. Ukishayaivisha unaponda upawa mmoja ukutani mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito, na hapo hutakumbuka mguu wa nguruwe. Jambalaya, wali unaopikwa ndani ya mchuzi wake, aliitia uyoga wa msimu wa mvua aliokuwa ameukausha juu ya moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, na kwa harufu ile Germain aliapa kuna soseji imefichwa humo. Kitunguu, seleri na pilipili hoho Sista aliviita Utatu Mtakatifu. Abbé Eugène, padri wetu, alikunja uso alipolisikia hilo, halafu akala sahani mbili. Na kabla ya yote kulikuwa na ru: unga na mafuta vinavyokorogwa motoni polepole mpaka viwe na rangi ya shaba ambayo haijasuguliwa. Ukishaanza kukoroga huondoki. Kaka yangu aliweza kuita mara tatu kutoka sebuleni, Marceline hageuki.

Lakini nyumbani gombo ya majani ilipikwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya Alhamisi Kuu. Na ilikuwa na sharti lake. Majani yawe ya aina saba, au tisa, au kumi na moja, kamwe yasiwe sita au nane. Kila aina ya jani ni rafiki mmoja utakayempata mwaka ule. Sista alisema hayo akitabasamu, kama mtu anayesimulia mambo ya utotoni mwake. Marceline hakutabasamu. Marceline hakujaliwa mtoto, na kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye alibaki Marceline mtupu, hata kwa wasichana wadogo. Kwa hiyo hiyo ahadi ya marafiki saba kwa mwaka aliishika kwa mikono miwili.

Mwaka wa kwanza alipata mmoja tu, na alimtosha. Nyumba ya pili kutoka kwetu alihamia Adrienne na mume wake na binti yao Danielle. Baba yake Adrienne aliletwa kutoka Kasai enzi za Wabelgiji kufanya kazi ya mgodi, na Adrienne alizaliwa hapa hapa Likasi. Kasai hakuijua hata kwa picha. Alisikia harufu ya ru, akaja kuuliza nani anaunguza unga. Tangu siku ile hakuondoka jikoni mwetu. Mume wake alipokufa, ndiyo kabisa. Danielle alilelewa na wanawake wawili, akamwita Marceline mama mudogo, na hakuna siku wifi yangu alipendeza uso kama siku alipoitwa hivyo mbele ya watu sokoni.

Adrienne alikuja na kinu cha mama yake na maneno ya mama yake. Majani ya muhogo, ambayo Likasi nzima huita sombe, yeye aliita matamba, kama wanavyosema Waluba wa Kasai. Mwanzoni Marceline alimtania. Baada ya miaka michache alikuwa akisema matamba yeye mwenyewe, bila kujisikia. Mimi nilimsikia. Nikamwambia, "Weye Musanga muzima wa hapa, unasemaka sasa kama Muluba!" Wote wawili wakanicheka. Walikuwa wakinicheka sana, wale wawili, na nakiri nilikuwa na wivu.

Mwaka 1991 watu walipora maduka, wageni wakaondoka, na Sista Delphine akaondoka nao na sanduku moja. Unga wa ngano ukatoweka. Mshahara wa Germain ukawa kitu cha kusimuliwa tu. Nyama ikawa ya harusi, baadaye hata harusi zikakaa bila nyama. Hapo mtaa mzima ukalia, na wifi yangu akajikuta ana elimu ya miaka ishirini ambayo hakuna aliyekuwa ameitaka. Alikaanga unga wa mahindi badala ya ngano. Alikausha bamia na kuzisaga zifanye mchuzi uwe mzito. Kinamama waliokuwa wakimcheka walikuja kusimama kwenye ua, naye akawafundisha kupitia miti ya ua ule, akipaza sauti, "Koroga! Usiache! Hata nyumba ikiwaka usiache!"

Kisha ikaja Agosti ya 1992, na sina hamu ya kuieleza. Watu tuliobatizwa nao, tuliozika nao, walianza kuwaita majirani wa asili ya Kasai bilulu, yaani wadudu. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba wakiwatoa. Waliofukuzwa wakarundikana kituo cha treni, maelfu yao, wakilala kwenye simenti wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona. Waliugua pale, wakafa pale. Kaka yake Adrienne alizika watoto wawili kabla treni yake haijafika. Nyumba ya Adrienne ikachukuliwa na mtu ambaye namjua, naye ananijua, na tukikutana hadi leo anatazama pembeni.

Adrienne alijificha parokiani miezi kadhaa. Parokia ilipoanza kuchunguzwa, mwezi wa tatu wa 1993, Abbé Eugène alimleta kwetu ndani ya gari, amefunikwa magunia ya makaa. Alikaa katika stoo yetu. Shauri lilikuwa jepesi: Danielle alikuwa ameolewa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, tena alikuwa mjamzito. Adrienne alikuwa na hati zake za kusafiria. Jumatatu ya Pasaka gari la parokia lingempeleka Lubumbashi, na kutoka hapo hadi mpakani. Alihitaji kubaki bila kuonekana wiki tatu tu. Akionekana ni kituo cha treni, na kutoka kituo cha treni ni Kasai, au kaburi.

Mimi nilipinga. Sina breki mdomoni, na siku aliyoletwa nilisimama uani nikasema kwa sauti, "Benyewe batakuya, batatuchoma shiye bote! Muntu mumoya tu, na nyumba muzima ikufe?" Stoo ilikuwa hatua nne kutoka pale. Adrienne alisikia kila neno. Baadaye nilimpelekea maji na sabuni, nikamkunjia blanketi, lakini ni lile neno lililobaki.

Karibu wiki tatu zikapita vizuri. Alhamisi Kuu ikafika, na Marceline akaamka na kikapu.

"Mwaka huu iache," Adrienne akamwambia kupitia upenyo wa mlango wa stoo. "Tutaipika Kitwe."

"Mwaka huu njo tunaihitaji zaidi," Marceline akajibu. "Nani iko na rafiki sasa mu Likasi? Miaka yote niliipikaka, haiko leo nitaiacha."

Aliweza kukusanya aina sita bila kwenda mbali: matembele, lengalenga, majani ya maboga, majani ya maharagi, ngai-ngai yenye uchachu, na majani ya karoti. La saba lilikuwa sombe, jani ambalo hata maskini wa mwisho analo, lakini mihogo yetu ya uani ilikuwa imeng'olewa na wezi wiki ile ile, mizizi na yote. Njaa ilikuwa imefika hapo. Sita haifai. Akaenda soko la Kikula kununua fungu moja la sombe, akaniacha mimi niende bombani kuchota maji.

Foleni ya bomba ilikuwa ndefu. Niliporudi na ndoo kichwani, niliukuta mlango wa ua uko wazi. Vijana watano walikuwa ndani, na mmoja wao, mwenye shati jekundu, alikuwa amemshika Adrienne mkono akimtoa stoo. Marceline alikuwa amepiga magoti mbele yao. Mimi nilisimama pale mlangoni, kati ya vijana wawili waliokuwa wakilinda, ndoo bado kichwani. Nilishikilia ndoo tu, mimi ambaye siku zote nina la kusema. Adrienne akaniona nimesimama katikati yao. Nikaona macho yake yanavyofikia jibu.

Sufuria ilikuwa motoni. Walikula. Walikula gombo ile wamesimama, kwa mikono, wakipuliza vidole, kwa sababu nao walikuwa na njaa kama sisi. Mmoja akauliza, "Nyama iko wapi?" na mwenzake akamwambia anyamaze ale. Kisha wakachukua mkoba wa Adrienne, wakatoa hati zake, wakazitia ndani ya mbabula ile ile iliyopikiwa gombo. Germain alikuwa kazini. Majirani walikuwa madirishani. Walimpeleka kwa miguu mpaka kituoni, bila viatu.

Jumatatu Abbé Eugène alikuja na gari kama alivyoahidi, akakaa ndani yake mbele ya nyumba yetu muda mrefu, mikono juu ya usukani. Bila hati hakuna mpaka, na vizuizi vya barabarani vilikuwa vinashusha kila mtu. Akarudi na gari tupu.

Marceline alikwenda kituoni kila siku na chakula. Aliporudi hakunitazama. Mtaani nilianza kusikia kwamba Mathilde ndiye aliyemuuza Adrienne. Waliosema hivyo walikuwa ni wale wa madirishani, lakini walikuwa wamelitoa kituoni, mdomoni mwa Adrienne mwenyewe. Nilimwuliza wifi yangu, "Weye, unajua haiko minye. Ulimwambia?" Akajibu kwamba Mama Danielle ni mgonjwa, si wakati wake. Nilimwelewa. Nilidhani nilimwelewa.

Jumatano nilikwenda soko la Kikula. Mama Rolly, anayeuza mboga karibu na wauza chumvi, alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Shemeki yako Marceline, siku ile, aliniomba matamba. Matamba! Kwa sauti yote! Nilimukanya na macho, hakuona. Kijana mwenye shati nyekundu alikuwa nyuma yake. Akamufwata."

Kwa neno moja. Mwanamke wa Kisanga, wa asili ya hapa hapa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtazama mara mbili, akaomba mboga kwa neno ambalo hulipati isipokuwa umekaa jikoni na mwanamke wa Kasai. Na walijua hakuna tena mwanamke wa Kasai mtaani kwetu. Kwa hiyo walijua yuko mmoja amefichwa.

Hasira ilinishika, nasema kweli. Si kwa lile kosa. Kosa lile ningeweza kulifanya mimi. Nilikasirika kwa sababu alilijua. Alimwona yule kijana akimfuata, au alimkumbuka alipomwona tena uani kwetu, na kwa siku sita aliacha jina langu litafunwe ili lake lisiguswe. Nikaacha kikapu changu kwa Mama Rolly nikashuka kituoni, nikiwa nimeyapanga maneno yangu yote, la kwanza mpaka la mwisho.

Treni ilikuwa imefika. Mabehewa ya mizigo, wazi juu, na watu walikuwa wakipandisha magodoro, kuku, wazee. Niliwakuta kando ya ukuta. Adrienne alikuwa amelala juu ya kitenge, miguu imevimba, kichwa chake kimelala mapajani mwa Marceline, naye alikuwa akimlisha maharagi kwa kijiko, akipuliza kila kijiko. Alikuwa amepungua kwa siku zile chache hata mikono yake sikuitambua.

Adrienne aliniona kwanza.

"Umekuya kuhesabu?" akasema. "Tungali hai. Hatuyaisha."

Marceline akainua uso. Alijua nimekuja na nini. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, wala kabla wala baadaye. Alikuwa ananiomba, na wakati huo huo alikuwa amekwisha kukata tamaa, amefumba mdomo akingoja nimpige.

Nikafungua kinywa. Adrienne akanitangulia.

"Ulikulaka mu sahani yangu," aliniambia, taratibu, bila nguvu ya kupaza. "Miaka makumi mbili. Sikiliza nikwambie kintu. Kama haiko uyu," akaushika mkono wa Marceline wenye kijiko, "ningekwenda na roho ya kuchukia Likasi muzima, batu yote. Yee peke yake alibakia. Mu muji muzima, muntu mumoya. Sasa ninakwenda, lakini sitasema Likasi ni mubaya yote. Ju ya uyu."

Maneno niliyoyapanga yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Nilihitaji kusema matatu tu. Na ningekuwa nimesema kweli.

"Unisamehe, Mama Danielle," nikasema.

Akanitazama sana. "Nitamwachia Mungu," alisema. "Minye siwezi."

Akageuza uso kwa Marceline na kufungua kinywa apewe kijiko kingine. Kijiko kikamponyoka wifi yangu, maharagi yakamwagika kifuani pa Adrienne, na Adrienne akadhani ni kwa hasira juu yangu, akambembeleza. Niliondoka kabla treni haijaondoka. Nilipofika darajani, Marceline alinikuta akiwa anakimbia, akaniita, "Shemeki, shemeki." Nikamgeukia nikamzaba kofi mchana kweupe, mbele ya watu. Halafu tukalia pale, yeye ameshika shavu lake na mimi nimeshika mkono wangu, na watu wakatupita wakidhani tumefiwa.

Hatukulizungumza tena. Germain hakuambiwa. Marceline aliendelea kupika, Jumatatu maharagi, uyoga mvua zikija, lakini Alhamisi Kuu alilala kitandani tangu asubuhi na mimi ndiye niliyepika, bukari, ugali wetu, na bamia tu. Mtaani nilibaki Mathilde aliyeuza. Wengine walinichukia kwa hilo, na wengine, Mungu awasamehe, walinisifu. Wale wa sifa ndio niliowatukana.

Barua ilikuja mwaka 1995, imeletwa na mwanamke mfanyabiashara aliyetoka Kitwe. Ilikuwa ya Danielle. Tuliketi jikoni, Marceline juu ya kigoda, mimi nimesimama mlangoni kwa ajili ya mwanga, nikasoma.

Danielle aliandika kwamba mama yake alifika Mwene-Ditu akiwa hai. Aliishi miezi tisa chini ya turubai, akafa Januari ya 1994, akazikwa na watu wa misheni. Kabla ya kufa alimsihi sista mmoja amwandikie bintiye. Danielle alikuwa ameyanakili maneno ya mama yake jinsi yalivyo, nami nikayasoma jinsi yalivyo: "Mutoto wako wa kwanza sikumuona. Wa pili akikuwa binti, umwite Marceline, ju muntu akikuuliza Likasi ilikuwa nini, umuonyeshe ule mutoto. Na yule mwingine, umwambie Mungu anamuona."

Chini yake Danielle alikuwa ameongeza kwamba mtoto wa pili amezaliwa, ni msichana, amebatizwa jina hilo, anatembea sasa, na anapenda wali kuliko kitu chochote.

Marceline aliniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akaniambia nichukue kalamu.

Nilitoa daftari, nikaketi chini. Akaniambia la kuandika, polepole, kama alivyokuwa akiyataja mapishi, kitu kimoja kimoja, asiruke. Alisema niandike si Mathilde. Niandike ni yeye Marceline, kwa mdomo wake mwenyewe, sokoni, kwa sababu ya fungu la mboga. Niandike alijua siku ile ile, na alinyamaza, na alimlisha mama yake huku amenyamaza. Niandike hastahili mtoto wa mtu aitwe kwa jina lake, na kama wanaweza kulibadilisha, walibadilishe. Alilia, akafuta uso kwa upindo wa kitenge, akaendelea. Ilichukua karibu saa nzima. Mimi niliandika muda wote, kichwa nimekiinamisha, na kalamu haikusimama.

"Umeandika yote?" akauliza.

"Yote."

Niliandika hivi: *Danielle mwanangu, mama yako mudogo anakusalimu. Amelia sana kwa ajili ya mama yako. Jina la mtoto limemfurahisha kupita kiasi, msilibadilishe. Mtoto akikua mumlete amwone. Yule mwingine amesikia.* Sehemu iliyobaki ya ukurasa niliijaza salamu, za Germain, za Abbé Eugène, za jirani huyu na yule, ili maneno yawe mengi.

Nikampa kalamu. Kitu pekee alichojua kuandika ni jina lake, na Sista Delphine ndiye aliyemfundisha. Akaliandika chini, herufi moja moja, amebana midomo, akaitazama karatasi kwa muda mrefu kana kwamba anaisoma. Akanirudishia.

"Sasa nitalala," alisema.

Na kweli usiku ule alilala, mara ya kwanza tangu treni ile kuondoka. Asubuhi nilimpelekea yule mfanyabiashara barua kabla hajavuka kurudi Kitwe.